Kundi la nyuki linapodhoofu baada ya mavuno: ukaguzi na matunzo ya kipupwe hadi vuli

Mfugaji wa Moshi au Arusha akifungua mzinga mwezi wa Septemba na kukuta nyuki wamebaki kwenye viunzi vinne (fito au fremu zinazobeba masega), ilhali mwezi wa Mei walikuwa wengi hata wakaning'inia mlangoni kama ndevu, kwa kawaida huanza kutafuta mchawi wa wiki ile ile. Atamtaja jirani aliyepulizia dawa, au siafu, au baridi ya mwaka huu. Wakati mwingine huwa kweli. Mara nyingi zaidi, kundi linaloonekana dhaifu Septemba lilianza kudhoofu Juni, na mkono uliolidhoofisha ni ule uliokwenda kurina. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mizinga ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru na tambarare zilizo chini yake, kwa kipindi cha kuanzia mwisho wa masika hadi vuli inaposhika.

Kabla ya hatua yenyewe, ni vizuri kuielewa hesabu inayoendesha mambo yote ndani ya mzinga. Nyuki kibarua wakati wa kazi nyingi huishi takriban wiki tano au sita tu. Kundi lenye nyuki 20,000, ikiwa kila mmoja anaishi siku 40, hupoteza nyuki 500 kila siku bila ugonjwa wala adui yeyote. Wakati wa maua pengo hilo halionekani, kwa sababu malkia mzuri anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Chavua ikikatika, vibarua hawana chakula cha kulishia majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya sega, na malkia hupunguza kutaga. Tuseme wanaozaliwa ni 200 kwa siku: kundi linapungukiwa na nyuki 300 kila siku, na kwa hesabu hiyo ya haraka, katika mwezi mmoja limepoteza karibu 9,000. Hakuna mizoga mlangoni, kwa kuwa nyuki wazee hufia shambani. Ndiyo maana mfugaji husema nyuki wake wametoweka bila sababu.

Hatua ya kwanza: jua njaa ya mahali mzinga ulipo

Njaa ya nyuki haiji kwa tarehe moja kila mahali. Kwenye vihamba vya miteremko, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, Juni na Julai ni miezi ya mawingu mazito, manyunyu na baridi, na kuna siku ambazo nyuki hawatoki hadi saa tano asubuhi. Maua ya migomba hayakatiki kihambani mwaka mzima, na hayo huwasaidia kidogo, lakini nyuki asiyeweza kuruka hawezi kuyafikia. Ndani ya mzinga, majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi usiku na mchana, na joto hilo hutokana na asali wanayoila. Kwa hiyo kundi la mlimani linakula akiba kwa kasi katika miezi ambayo haliingizi kitu. Nyuki weusi wa juu zaidi mlimani, ambao wataalamu huwatenga na wale wa nyanda za chini, huvumilia baridi hiyo vizuri zaidi, na ndiyo sababu sipendi kuona kundi la tambarare likipandishwa juu wakati wa kipupwe.

Tambarare, kuanzia Boma Ng'ombe kuelekea Sanya, mambo ni kinyume. Jua lipo, nyuki wanaruka kutwa nzima, lakini kuanzia Agosti majani yamekauka, alizeti zimeshavunwa na migunga mingi inasubiri mvua. Hapo nyuki wanajichosha kutafuta kisichokuwepo, na maji nayo huwa mbali. Kama mzinga wako hauko karibu na mfongo (mfereji wa kumwagilia) wenye maji, weka beseni pana lenye mawe yanayojitokeza juu ya maji, ulijaze kila siku, na usiruhusu likauke hata kwa siku mbili, kwa sababu nyuki wakishahamia chanzo kingine ni kazi kuwarudisha.

Andika kwenye daftari, kwa manzuki yako mwenyewe (mahali ulipoweka mizinga), ni mti gani unachanua wiki gani. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakufaa kuliko kalenda yoyote iliyochapishwa, hii ya kwangu ikiwemo.

Hatua ya pili: soma mlango kabla ya kufungua

Keti pembeni ya mzinga, si mbele yake, kwa dakika 15 siku yenye jua. Tazama miguu ya nyuki wanaorudi. Wakiingia na vibonge vya chavua, kwa kawaida ndani mna majana yanayolishwa na malkia anataga. Wakirudi mikono mitupu siku nzima, jihadhari. Nyuki wanaopigana mlangoni, na wengine wanaozungukazunguka kwenye nyufa za mzinga wakitafuta pa kupenya, ni dalili ya uporaji: kundi jirani limegundua kwamba hili haliwezi kujilinda. Kisha inua kidogo upande mmoja wa mzinga, au ule wa kuning'inia upime kwa mkono kutoka chini. Ukizoea, uzito peke yake utakueleza kama akiba ipo.

Hatua ya tatu: fungua jioni na uhesabu

Nyuki wetu ni wakali, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kukimbizwa hadi barabarani. Fungua kuanzia saa kumi na moja jioni, ukiwa na vazi la kinga na moshi wa kutosha, na usikae zaidi ya dakika kumi. Lengo ni kuhesabu tu. Hesabu viunzi vilivyofunikwa na nyuki pande zote mbili, viunzi vyenye majana, na viunzi vyenye asali iliyofunikwa kwa nta. Namba hizo tatu ziandikwe kabla hujavua glavu, maana ukifika nyumbani utazikumbuka zote vibaya.

Sega la majana lisomwe kwa makini kuliko yote. Malkia mwenye nguvu huacha eneo pana lililofunikwa bila matundu mengi katikati, rangi ya vifuniko ikiwa ya kahawia iliyopauka, na ukilielekeza sega kwenye mwanga huku jua likiwa nyuma ya bega lako, utaona ndani ya vyumba vilivyo wazi yai moja moja limesimama chini kama kipande kifupi cha uzi mweupe. Ukikuta mayai mawili au matatu kwenye chumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani badala ya chini, na vifuniko vilivyovimba vimetapakaa kwenye vyumba vidogo vya vibarua, malkia hayupo tena. Vibarua wameanza kutaga, na kwa kuwa hawajapandwa, mayai yao huzaa madume karibu yote. Kundi la namna hiyo halitajiokoa lenyewe, na kulilisha sukari ni kunenepesha madume.

Hatua ya nne: tenganisha chanzo na chanzo

Kosa kubwa katika hatua hii ni kutibu dalili ya kwanza iliyoonekana. Nondo wa nta ni mfano mzuri. Mfugaji anakuta utando na mabuu kwenye masega, analaumu nondo, kumbe nondo amekuta masega ambayo hayana nyuki wa kuyalinda. Kundi lenye nguvu humtoa nondo kila siku bila mfugaji kujua. Vivyo hivyo kwa mbawakawa mdogo wa mzinga, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara, na ambaye nyuki wetu wamezoea kumbana kwenye pembe na kumzungushia gundi. Mabuu yake huweza kutofautishwa na ya nondo kwa kuwa hayafumi utando, bali huichachusha asali hadi ikatoka povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Ukikuta hali hiyo toa sega lote, likayeyushwe au lichomwe mbali na manzuki, kisha uulize swali la msingi: kwa nini nyuki walikuwa wachache kiasi hicho?

Njaa ndiyo jibu la mara nyingi. Dalili yake ni viunzi vya asali kukosekana au kubaki kimoja, majana machache yaliyo katikati tu, na wakati mwingine nyuki waliokufa wakiwa wametumbukiza vichwa ndani ya vyumba vitupu. Mwaka mmoja nilirina mizinga saba ya tambarare mwishoni mwa Juni, nikakata mpaka sega la mwisho lililokuwa na asali, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri na ndoo hazikuwa zimejaa. Katikati ya Agosti minne ilikuwa mitupu. Masega yalikuwa makavu na safi, hayana yai, hayana buu, hayana tone, kana kwamba mpangaji amefagia chumba kabla ya kurudisha ufunguo.

Picha hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu nyuki wa Afrika ana njia ambayo nyuki wa Ulaya haitumii sana: huhama. Kundi linaloondoka kwa njaa hujiandaa. Huacha kulea, hula akiba iliyobaki, husubiri majana ya mwisho yatoke, kisha huondoka pamoja na malkia. Kundi lililofukuzwa na mshtuko, iwe ni siafu walioingia usiku, nyegere aliyeangusha mzinga, moto, au mrinaji aliyetumia moshi kama mwenge, huondoka ghafla na kuacha majana na hata asali. Basi mzinga mtupu husomwa kama eneo la tukio: masega makavu yanasema njaa, majana yaliyotelekezwa yanasema hofu.

Kuna pia kundi lililogawanyika. Mwishoni mwa maua malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya nyuki, na wanaobaki husubiri malkia mpya azaliwe, apandwe na aanze kutaga. Ikiwa mvua na baridi vimemzuia kuruka, au keremkerem, ndege wala nyuki, wamemdaka angani, mzinga unabaki bila mama. Vyumba virefu vya malkia vilivyoning'inia pembeni mwa masega, vikiwa vimefunguliwa nchani, ndio ushahidi wake.

Sumu ya shambani hutambulika kwa ghafla yake. Jana kundi lilikuwa zima, leo kuna rundo la nyuki mbele ya mzinga, wengi wametoa ulimi, wengine wanatambaa na kutetemeka, ilhali ndani akiba ipo na majana yapo. Ngarenanyuki, ambako jina lenyewe, licha ya sauti yake, halitokani na nyuki bali na Kimaasai chenye maana ya maji mekundu, wakulima wa nyanya hupulizia mara nyingi kwa sababu ya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, na huwezi kumwambia mtu aache zao lake liliwe. Unachoweza ni kumfuata kabla ya msimu na kusema, "Mzee wangu, mizinga yangu iko pale nyuma ya korongo, ukitaka kupulizia nipigie simu, na kama inawezekana pulizia jioni nyuki wakishalala." Katika uzoefu wangu wengi hukubali, hasa wakipata chupa ya asali Desemba.

Kuhusu utitiri wa varoa, ambao sasa umeenea Afrika Mashariki, upime usiukisie. Chukua nyuki wapatao 300 kutoka kwenye sega la majana, yaani nusu kikombe, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari laini ya kupambia keki, wazungushe taratibu, waache dakika mbili, kisha utikise unga juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Utitiri huonekana kama vidoa vyekundu vya kahawia vilivyo bapa. Gawanya idadi yake kwa tatu upate kiwango kwa kila nyuki 100. Nchi za baridi huanza kutibu kwenye utitiri watatu kwa mia. Nyuki wetu hujisafisha vizuri zaidi na huishi na idadi kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo sioni sababu ya kutia kemikali ambazo zitabaki kwenye nta. Namba ikiwa kubwa na majana yakiwa na matundu mengi, mwite afisa nyuki wa halmashauri aje aone mwenyewe.

Hatua ya tano: punguza nafasi

Nyuki wachache hawawezi kupasha joto wala kulinda mzinga mzima. Ondoa masega matupu, na sogeza ubao wa kugawia hadi nyuki wafunike viunzi vyote vilivyobaki. Kwenye mzinga wa masanduku ondoa sanduku la juu. Ziba mlango ubaki upana wa vidole viwili, na masega mazuri uliyoyatoa yatundikwe kwenye hewa na mwanga, si ndani ya gunia, kwa sababu gunia ni nyumba ya nondo. Siku hiyo hiyo paka grisi mpya kwenye waya za kuning'inizia, au ongeza oili chafu kwenye makopo yanayosimamisha miguu ya meza ya mzinga, na kata nyasi zinazogusa mzinga. Siafu hawahitaji daraja kubwa.

Hatua ya sita: lisha kwa wakati, si kwa huruma

Kulisha kuna nia mbili tofauti, na kuzichanganya ni kupoteza sukari. Nia ya kwanza ni kuziba njaa, ambayo hufanyika Julai na Agosti kwa kundi lisilo na akiba. Hapo tumia shira nzito, kilo mbili za sukari nyeupe kwa lita moja ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa; usiichemshe sukari ikaungua. Sukari guru na molasi huwaharisha nyuki. Asali ya dukani usiwape kamwe, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa majana kutoka mizinga usiyoijua.

Nia ya pili ni kumwamsha malkia kabla ya vuli, na hapa ndipo hesabu inaporudi. Mvua za vuli kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na kahawa huchanua siku chache baada ya mvua nzuri inayofuata ukame, kisha maua yake hudumu siku chache tu. Nyuki wa kuyavuna lazima awe tayari amezaliwa. Kutoka yai hadi nyuki kamili ni takriban siku 20, na kabla ya kuanza kwenda shambani hufanya kazi za ndani kwa wiki mbili au tatu. Kwa hiyo nyuki atakayeleta mbochi (maji matamu ya maua) wiki ya kwanza ya Novemba ni yai lililotagwa mwishoni mwa Septemba. Anza shira nyepesi, kilo moja kwa lita moja, katikati ya Septemba, ukitoa nusu lita kila baada ya siku mbili badala ya kumwaga ndoo kwa mpigo. Kama hakuna chavua inayoingia, unga laini wa soya ukandwe na shira uwe donge, uwekwe juu ya viunzi vya majana. Bila protini, sukari haitalea buu hata mmoja.

Lisha giza linapoingia, ndani ya mzinga, kwenye chombo chenye vijiti vya nyuki kusimamia. Tone lililomwagika nje huita waporaji wa manzuki nzima.

Hatua ya saba: unganisha wasiojiweza

Kundi lililo chini ya viunzi vitatu mwezi wa Septemba, au lenye vibarua wanaotaga, sioni faida ya kulihangaikia peke yake. Kama lina malkia, na kundi jirani lina malkia bora, mtoe dhaifu. Weka karatasi moja ya gazeti yenye matundu madogo ya msumari kati ya makundi mawili, jioni, sanduku juu ya sanduku, au pande mbili za ubao wenye uwazi kama ni mzinga wa viunzi vya juu. Wataitafuna kwa siku mbili tatu na harufu zao zitakuwa zimechanganyika. Mzinga mmoja wenye viunzi nane utavuna kahawa. Miwili ya vinne itaikodolea macho.

Hatua ya nane: rina mavuno yajayo kwa mpaka

Chanzo kikubwa kikiwa ni mkono wa mrinaji, tiba yake hufanywa siku ya kurina. Usikate sega lolote lenye majana, hata kama nusu yake ya juu ina asali inayong'aa. Rina sega lililofunikwa kwa nta angalau sehemu tatu kwa nne, lililo mbali na majana, na uwaachie nyuki viunzi vitano vya asali tambarare, na sita mlimani ambako baridi hula zaidi. Mimi huviwekea viunzi hivyo alama ya chaki nyekundu siku ya ukaguzi, wiki moja kabla, wakati sina ndoo mkononi; na anayekuja kunisaidia huambiwa kabla bomba la moshi halijawashwa kwamba kiunzi chenye chaki hakiguswi, hata kama ndoo bado iko nusu.